Mama Aliyesimama Siku ya Kuwakumbuka Marehemu

Mwaka ule tulizika watu wengi waliojulikana. Isiolo si mji mkubwa. Akifa mtu mwenye jina, hata wale ambao hawakuwahi kusalimiana naye huijua njia ya kwenda matangani. Alianza muuguzi aliyezalisha wanawake wengi wa mtaa wetu, mimi nikiwa mmojawapo. Alikuwa na mikono baridi na mdomo mkali, na mtoto akishatoka salama aliketi kwenye ukingo wa kitanda chako akala maandazi uliyoletewa wewe. Akafuata kocha wa mpira aliyewachezesha vijana wa kila kabila kwenye uwanja usio na nyasi. Akafuata mwimbaji wa harusi, mwanamke ambaye akianza kuimba hata wapishi waliacha sufuria zikaungua. Kisha ustadh wa madrasa, kisha mpiga picha wa karibu na stendi. Na mwisho, mwaka ukielekea kuisha, akafa mzee mmoja Mturkana wa upande wa Ngare Mara. Kazi yake, kama unaweza kuiita kazi, ilikuwa kwenda kwa watu waliotaka kuuana na kuwaomba waketi chini kwanza.

Nilimjua mzee yule kuliko wengine wote niliowataja, kwa sababu nilikuwa mdomo wake. Mama yangu ni Mborana na baba yangu ni Mmeru aliyeteremka kuuza miraa akakaa. Nyumba tuliyokulia ilipakana na ya familia ya Waturkana, na mtoto akicheza anaokota lugha kama anavyookota miiba. Ndiyo maana nilipokuwa mtu mzima kazi ya ukalimani ilinitafuta yenyewe: hospitalini, kanisani, kwenye mikutano ya malisho. Mzee alipotaka kwenda kwa Waborana alinipigia simu na kusema tu, "Binti, vaa viatu."

Baada ya mazishi yake, mwalimu mmoja mstaafu, Mmeru mwenye kupenda mambo yaende kwa utaratibu, aliwakusanya watu wachache wakaunda kamati. Alinifuata nyumbani.

"Tumewazika hawa watu kila mmoja kwa watu wake," akaniambia. "Waislamu wamezika wa kwao, Wakristo wa kwao. Hatujakaa pamoja hata siku moja tukasema hawa walikuwa wetu sisi sote. Nataka tufanye siku moja. Na wewe utatafsiri."

Nilikubali kabla hajamaliza chai. Niliona ni jambo jema, na sikuona lina hatari yoyote. Ni watu waliokufa. Nani atagombana juu yao?

Kamati yenyewe iligombana wiki nzima. Walibishana kama watu wasimame kimya, na sheikh akasema kwao marehemu huombewa dua, hasimamiwi kimya. Wakabishana kuhusu picha, kwa kuwa familia ya ustadh haikutaka sura yake ibandikwe popote. Hayo yakaisha. Lakini siku chache kabla ya siku yenyewe, mifugo ikaporwa upande wa Gotu, na mchungaji mmoja akarudi nyumbani na risasi begani. Mji ukabadilika sauti. Ukipita sokoni uliona watu wamesimama wawili wawili, wakikuona wananyamaza, halafu wanakusalimu kwa sauti kubwa mno.

Mwalimu akataka kuahirisha. Sheikh akamjibu, "Mwalimu, hapa tukiahirisha kwa sababu ya hofu, hatutafanya jambo lolote mpaka kiama." Hema likapigwa kwenye uwanja wa shule.

Upepo wa Isiolo hauna heshima. Tangu asubuhi ulikuwa unalipiga hema kofi, na vumbi lilikuwa limeshatanda juu ya viti vyote vyeupe vya plastiki. Familia za marehemu ziliketi mbele. Mjane wa mzee alikuja na kitenge cha kanisa na shanga zake shingoni, mwanawe wa kwanza kando yake. Nyuma walikaa watu wa mjini, wanawake wa sokoni, wafanyabiashara. Nje ya hema, upande wa lango, vijana walikuwa wameegesha boda zao na kukalia viti vya pikipiki, Waborana huku, Waturkana kule, katikati nafasi ambayo mtu angeweza kupitisha lori. Askari walikuwepo, si wengi. Niliwatazama vijana wale kabla sijashika maiki.

Mambo yalianza vizuri. Dada yake muuguzi alisimulia jinsi marehemu alivyomfukuza bwana mmoja kutoka chumba cha uzazi kwa fagio, na watu wakacheka. Nilitafsiri, kicheko kikaja mara ya pili kutoka upande wa Waborana, halafu mara ya tatu kutoka kwa Waturkana, kama mawimbi. Nakumbuka nilijisemea moyoni kwamba mwalimu alikuwa sahihi. Wachezaji wa kocha walisimama pamoja, wengine sasa wana vitambi, wakapunga mikono, wakaketi. Binti wa mwimbaji alijaribu kuimba wimbo mmoja wa mama yake, akaishia katikati.

Ikafika zamu ya mzee. Mchungaji wa kanisa lake alisema maneno machache kuhusu amani. Mwalimu akauliza kama kuna mtu mwingine wa kuongeza.

Akasimama mama mmoja kutoka viti vya nyuma. Nilimtambua mara moja. Ni Mborana, anauza maziwa ya ngamia sokoni, mwanamke mrefu asiyepandisha sauti. Mwanawe wa kwanza aliuawa miaka michache iliyopita akinywesha ngamia. Mimi nilikuwa nimewahi kuingia nyumbani kwake mara moja tu, msiba ukiwa bado mbichi, nikiwa nyuma ya mzee.

Aliletewa maiki akaikataa kwa mkono. Alisema kwa Kiborana, polepole, akinipa nafasi.

"Wengi mnanijua. Nawauzia maziwa."

Nikatafsiri kwa Kiswahili, kisha kwa Kiturkana.

"Mwanangu aliuawa kisimani. Huyu mzee mnayemsifu alikuja kwangu. Huyu binti mwenye maiki alikuwepo, yeye ndiye aliyeniambia maneno yake. Alikunywa chai yangu. Akaniomba niwazuie wanangu wengine wasiende kulipiza. Niliwazuia. Niliutandika mtandio wangu mlangoni, nikawaambia anayetaka kutoka aukanyage. Wakashindwa."

Nikatafsiri. Niliiona tena siku ile: mlango, mtandio wa kijani chini, vijana watatu wamesimama na viatu vyao. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Mjane alitikisa kichwa. Mwalimu alifungua mikono tayari kupiga makofi.

Mama akaendelea. "Lakini alijua. Alijua ni nani aliyemuua mwanangu. Alikuwa na jina lile mdomoni akinywa chai yangu, akalimeza pamoja na chai, na sasa mmemzika nalo mnamwita mtu wa amani. Mkewe yuko hapa. Mwulizeni."

Nusu ya hema ilikuwa imeelewa. Nilisikia viti vikisogea upande wa Waborana, na nje kijana mmoja akashuka kwenye pikipiki yake. Nusu nyingine ilikuwa inanitazama mimi, ikisubiri, na nyuso zao zilikuwa bado zina ile heshima ya sentensi iliyopita.

Mwalimu alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Sema ametoa rambirambi," akaninong'oneza. "Sema anamshukuru marehemu. Binti, unaona wale vijana? Tafadhali."

Sitasema sikufikiria. Kiborana kina namna ya kusema kujua ambayo, ukiipinda kidogo tu, inakuwa sifa: alikuwa mtu mwenye kujua, mtu mwenye maarifa. Neno hilo lilikuwepo pale, limeiva, ningelichuma na watu wangepiga makofi. Lakini nilimtazama yule mama na nikaona ananitazama mdomo. Anauza maziwa kwa watu wa kila kabila. Kiswahili cha sokoni anakijua vizuri, ila hakuwa tayari kuyasema yale kwa lugha ya sokoni. Angenisikia nikimgeuza. Na wale wote waliokwisha kuelewa wangeniona nikiwadanganya wenzao hadharani, na baada ya hapo nani angeniamini tena nikisimama kati ya watu wenye bunduki?

Nikamwuliza kwa Kiborana, kwa sauti ya kusikika. "Mama, nitafsiri hivyo hivyo?"

"Kwani nimekuja hapa kukuimbia?"

Nikatafsiri. Kiswahili kwanza, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha nikageuka upande wa Waturkana, na kwa kuwa ilinibidi nimtazame mtu fulani, nikamtazama mjane. Nilipofika kwenye neno "alijua" nililisema mara mbili.

Mwanawe alisimama kwa nguvu, kiti chake kikaanguka nyuma. "Umemtukana baba yangu!" akaniambia mimi, si yule mama. Nyuma watu walianza kusimama. Nje pikipiki moja iliwashwa, kisha nyingine. Sheikh naye alisimama, akainua mikono yote miwili, "Kaeni. Kaeni, wallahi kaeni," na askari mmoja akaanza kutembea haraka kuelekea hema, jambo ambalo lilizidisha hofu badala ya kuipunguza. Akina mama waliokuja na watoto wadogo wakawa tayari wamewabeba.

Nilikuwa nimesimama katikati na maiki mkononi, na nakumbuka nilichofikiria: kama mtu akirusha jiwe sasa, mimi ndiye niliyelitafsiri.

Mjane aliinuka. Si mwanamke mkubwa wa mwili, na alikuwa na mguu mbaya, kwa hiyo aliinuka taratibu, akishika kiti cha mbele. Pengine kule kuinuka kwake taratibu ndiko kulikowafanya watu wangoje. Alikuja mpaka nilipo, akanishika kiwiko.

"Mwambie," akasema kwa Kiturkana, "amesema kweli."

Nilimwuliza, "Mama, unataka niseme hivyo?"

"Alijua. Mwambie."

"Mama, nyamaza!" mwanawe akapiga kelele.

Akageuka kumtazama. "Baba yako alikuwa hai miaka yote hiyo na hakuwahi kuniambia ninyamaze. Wewe kaa."

Nikatafsiri kwa Kiborana: amesema kweli, alijua. Upepo tu na turubai. Hata pikipiki zilizimwa, nadhani kwa sababu vijana walitaka kusikia kitakachofuata.

Kilichofuata ni neno moja ambalo yule mama hakuniachia mimi kulitafsiri. Alilisema mwenyewe, kwa Kiswahili, kutoka kule nyuma. "Jina."

"Si hapa," mjane akajibu, naye kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Hapa ni moto."

"Basi wewe na mume wako ni kitu kimoja."

Mjane alirudi kwenye Kiturkana, nikawa nazikimbiza sentensi zake. "Mwambie si kitu kimoja. Yeye alikataa kumpa. Mimi nitampa. Lakini nitampa yeye, sitawapa hawa watoto wenye pikipiki. Kama anataka, twende."

Mwalimu alijaribu kuingilia. Alisema jambo hili lina njia zake, kuna wazee, kuna serikali. Hakuna aliyemsikiliza. Yule mama alishapita kati ya viti, watu wakimpisha, na nje wanawe walikuwa wameanza kumfuata. Aliwanyooshea kidole bila kugeuza kichwa. "Bakini hapo." Wakabaki, ila mwanawe wa pili alinitazama kwa namna ambayo sikuisahau. Sheikh akachukua maiki mkononi mwangu, akaanza kusoma dua ndefu kwa ajili ya marehemu wote, na nilimshukuru, maana watu wakiinua mikono kuitikia amina hawawezi kushika kitu kingine.

Tulienda darasani. Ubaoni kulikuwa bado na hesabu za kugawanya. Wale akina mama wawili waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti juu, wakitazamana, mimi nikasimama kati yao kama mwalimu asiyejua somo.

Mjane ndiye aliyeanza. Alisema mumewe alirudi nyumbani siku ile ya chai akakataa kula. Alikuwa amelijua jina hata kabla ya kwenda; ndilo lililomfanya aende. Alilipeleka kwa wazee wa kwao, wakamwita mwenye kosa, wakamtoa, wakamwambia aende mbali na asichunge tena upande huu.

"Nilimwambia, sasa mpe yule mama jina. Amewazuia wanawe, anastahili. Akasema nikilitoa, jioni ile ile watakwenda kuchoma boma, na bomani kuna watoto. Nikamwambia, mpe yeye peke yake, atalibeba. Akasema hakuna mama anayeweza kubeba kitu kama hicho. Tuligombana kwa jambo hili mpaka akiwa kitandani anakufa."

Nilitafsiri mpaka mwisho.

"Alidhani siwezi," yule mama akasema.

"Alidhani hivyo."

"Na mlangoni kwangu aliniona nikifanya nini?"

Mlangoni pale nami nilikuwepo. Nilikuwa nimemheshimu mzee yule kuliko watu wengi walio hai, na nimekaa naye chini ya jua, nikala naye, nikasema maneno yake kama ni yangu, na siku ile ya chai nilikuwa kati yake na yule mama bila kujua nimebeba nini. Hasira ilinipanda pale pale, kwa marehemu ambaye tulikuwa tumekusanyika kumsifu. Bado haijaisha yote. Namkumbuka kwa upendo na kwa hasira, na nimeacha kujaribu kuchagua.

"Nenda mlangoni," mjane akaniambia. "Jina halina lugha."

Nilienda. Nilisimama nikiwapa mgongo, nikasikia dawati likikwaruza sakafu aliposogea karibu, nikasikia mnong'ono, na kutoka hemani nikasikia mtu anasimulia habari za marehemu mpiga picha, jinsi alivyokuwa anawaambia watu watabasamu hata kwenye picha za kitambulisho. Watu walicheka kidogo, kicheko cha uoga. Jina lenyewe sikulisikia. Naapa kwa Mungu wa baba na wa mama, sikulisikia.

Yule mama akaniita. "Muulize kama ana watoto."

"Anao," mjane akajibu.

"Wadogo?"

"Wa mwisho bado ananyonya."

Yule mama alivuta pumzi kama mtu anayeingia maji baridi. Alishika ukingo wa dawati mpaka vidole vikabadilika rangi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa hemani. Kule kulikuwa na watu wengi. Hapa ni mmoja tu, na kila kitu kilikuwa mkononi mwake.

"Mwambie nimesikia," akasema mwishowe. "Na mwambie sijasema nimesamehe."

"Hilo sikuja kuliomba," mjane akajibu.

Hawakushikana mikono. Mjane alitoka kwanza, akichechemea, na mwenzake akasimama akimtazama mguu ule mpaka alipofika kwenye kivuli cha hema.

Wanawe walikuwa wanatungoja kando ya ukuta. Yule wa pili, kijana mpana wa mabega ambaye ndiye kichwa cha nyumba sasa, alimsogelea mama yake. "Amekuambia?"

"Ameniambia mume wake alikuwa mtu wa kunyamaza."

Kijana akanigeukia. "Wewe dada. Umesikia jina?"

"Sikusikia."

"Ulikuwa ndani."

"Nilikuwa mlangoni."

"Siku ile nyumbani kwetu pia ulikuwa ndani," akasema, "na pia hukusikia."

Siku ya ukumbusho iliisha bila damu. Watu walikula pilau wakiwa wamesimama, wakaondoka mapema. Mwalimu alikuja kuniaga. Alinipa mkono akaushika kwa muda. Lakini kwangu mimi mambo ndiyo yalikuwa yanaanza.

Yule kijana alikuja nyumbani kwangu juma lile. Hakuingia, alisimama langoni akasema hataki jina kamili, nimpe la ukoo tu. Nikamwambia ukweli. Akarudi. Akanipigia simu. Nikienda sokoni nilimwona kando ya pikipiki yake, hasemi kitu, ananitazama. Siku moja nilikuta ameketi na mwanangu kwenye kibanda cha chipsi wakiongea habari za mpira, akimlipia soda, na aliponiona akainua chupa yake kama anayenisalimu. Hakunitisha hata kwa neno moja. Nilianza kumpeleka mwanangu shule mwenyewe na kumrudisha mwenyewe. Kila nikisikia habari kutoka njia ya Gotu nilisikiliza ni boma la nani, huku sijui hata ni boma gani la kuliogopea. Hicho ndicho kilichokuwa kigumu: kuogopa kwa ajili ya mtu nisiyemjua, ambaye labda hakustahili, na mtoto wake anayenyonya ambaye hakika alistahili.

Mwishowe nikaenda kwa mama yake sokoni. Alikuwa anamimina maziwa, povu likipanda. Nilimweleza habari za kibanda cha chipsi. Hakuuliza swali. Alifunga mtungi, akamwachia mwenzake biashara, akaniambia niende nyumbani nikachemshe chai.

Walikuja wote wawili mchana. Alimwagiza mwanawe aketi kwenye kochi, yeye akakaa mkekani, chini yake.

"Muulize sasa," akamwambia. "Muulize mbele yangu."

Kijana alitazama sakafu.

"Huna la kumwuliza? Basi nisikilize. Huyu hana kitu. Jina ninalo mimi. Nimepewa mimi, kwa sababu niliyemzaa ni mimi. Siku nikitaka kukupa, nitakupa. Sijataka."

"Alikuwa ndugu yangu," kijana akasema. "Wewe unalala nalo, unaamka nalo, sisi tunakula kwako, unatutazama na unalijua. Mama, kwa nini sisi hatuwezi?"

Nilidhani atamkaripia. Alimshika kifundo cha mguu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mkono wake, akakishika tu. "Labda mnaweza," akasema. "Yule mzee alidhani mimi siwezi, na alinikosea. Labda mimi pia nakukosea wewe. Lakini nikikosea kwa njia hii bado ninaye mwana. Nikikosea kwa njia ile sina."

Alilia, yule kijana mkubwa, kwenye kochi langu, na mimi nikatoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo nikijifanya naanua. Waliponipita kutoka alisema, "Dada, samahani," bila kunitazama. Hakuja tena langoni. Siku hizi ni turniboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la njia ya Moyale, na mwanangu akimwona mjini bado humsalimu.

Kamati ilifanya siku nyingine ya ukumbusho mwaka uliofuata, maana watu hawakuacha kufa. Mwalimu alikuja kuniomba nitafsiri tena. Nilimwuliza kama atasimama karibu nami kuninong'oneza. Akacheka kwa aibu, akasema hapana, atakaa nyuma kabisa. Mjane wa mzee alikuja, na yule mama pia alikuja. Hawakukaa pamoja. Lakini kabla ya dua, wakati watu bado wanatafuta viti, nilimwona yule mama akichukua kiti kimoja cha plastiki, akakipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio, akakisukuma mbele kidogo kwenye kivuli, na mjane, kwa mguu wake ule, akaja akakikalia.